KABLA HUJAJIBU "SAWA" KWENYE GRUPU LA BEI

Wauzaji wenzangu, ile meseji mnaijua: "Jamani tunauana wenyewe. Kuanzia Jumatatu pochi hii mtu asiuze chini ya 25,000." Watu wanajibu sawa, sawa. Wewe subiri kwanza, tupige hesabu.

Mfano: mko watano, mzigo mmoja, pochi mnanunua 12,000.

👉 Mkiuza 18,000, kila mmoja anauza 10 kwa wiki. Faida 60,000.

👉 Mkipandisha 25,000, wateja wengine wanaghairi. Kila mmoja anauza 6. Faida 78,000. Tamu, eeh?

👉 Sasa mmoja wenu anamwambia mteja inbox, "nitakufanyia 22,000, usiseme." Anauza 15. Faida 150,000. Nyie wanne mnabaki na pochi 4 kila mmoja, yaani 52,000. Mko chini kuliko mlipoanza!

Na si kwamba ana roho mbaya. Bei mliyoipandisha ndiyo inayomshawishi. Kadiri mnavyopandisha, ndivyo anayeshusha kimyakimya anavyopata zaidi. Wiki ya pili kila mtu anashusha, grupu linavunjika kwa matusi. Hapo bado muuzaji mpya ambaye hata kwenye grupu hayumo.

Halafu kuna sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei pamoja, na FCC ndio wasimamizi. Usidhani mpaka msaini mkataba, makubaliano ya mdomo nayo yanahesabika. Na usiseme "sisi wa mtandaoni hawatuoni": Marekani mwaka 2015, muuzaji wa mabango ya ukutani kwenye Amazon alikiri kosa la kupanga bei na wenzake, akakubali faini ya dola 20,000.

Ufanye nini basi?

✅ Angalia bei za wenzako walizoposti, ila yako amua mwenyewe.
✅ Jua gharama zako zote: nauli, bando, mfuko, bodaboda. Usishuke chini ya hapo hata wenzako wakishuka.
✅ Wote mna pochi ile ile, kwa hiyo shindana kwa vingine: jibu haraka, piga picha halisi, badilisha yenye kasoro bila ugomvi.
✅ Meseji ikija, jibu: "Mimi bei yangu napanga mwenyewe." Mjadala ukiendelea, toka.

Mtumie mwenzako aliye kwenye grupu kama hilo 🙏