Mbolea Yenu Imepita Wapi Kabla ya Kufika Mbinga?

Elimu kwa bodi na kamati za ununuzi za AMCOS, Mkumbi na kata jirani

Bei ya mbolea ilipopaa mwaka 2021, mkulima wa Umatengo hakuwa na kosa. Gesi asilia inayotengenezea urea ilikuwa imepanda bei Ulaya, China ikabana mauzo yake ya nje Oktoba mwaka huo, na Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 100,000, hadi Serikali ilipoleta ruzuku msimu wa 2022/23. Yote yalitokea mbali, lakini mibuni iliyokosa mbolea ilikuwa ya hapa.

Chama kinapoagiza pembejeo, kwa kawaida hulinganisha bei na kukagua leseni ya muuzaji kutoka TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Ni sahihi, ila haitoshi. Bodi inaweza kujiona salama kwa kuwa imegawa oda kwa mawakala wawili wa Mbinga mjini. Kumbe wote wawili huchukua kwa msambazaji mmoja Makambako, naye anasubiri shehena ya mwagizaji mmoja bandarini Dar es Salaam. Meli ikichelewa, mawakala wote wawili wanakosa mzigo siku ileile. Hapo chama kina chanzo kimoja tu, hata kama kina risiti mbili.

Kwa hiyo muulizeni muuzaji bila kuona haya: unachukua kwa nani? Mzigo uko ghala gani leo, au bado uko melini? Unapita njia ipi? Anayepokea kupitia bandari ya Mtwara, kwa Masasi na Tunduru, ana faida hata bei yake ikizidi kidogo, kwa sababu foleni ya Dar es Salaam haimgusi. Lakini njia zote mbili hukutana Songea, na kutoka hapo hadi milimani kwetu hakuna mchepuko wa maana. Mvua zikishika, lori lililojaa hukwama kwenye barabara za udongo. Kinga yake ni moja: mzigo uwe ghalani kabla ya Novemba.

Uhaba pia hufungua mlango kwa bidhaa bandia. Mfuko ulioshonwa upya, au dawa ya chule buni isiyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usipokelewe hata kama wanachama wanalalamika kwa kusubiri. Dawa halali ya chule buni nayo iwahi, kwa kuwa ni ya kukinga. Ikifika baada ya ugonjwa kushika matunda, fedha imepotea.

Kinachosahaulika zaidi ni vipuri. Kahawa mbivu inatakiwa imenywe siku inayochumwa. Ikilala huanza kuchacha, na mnunuzi mnadani huionja kasoro hiyo. Mashine ya kumenyea ikisimama Julai kwa kukosa beringi inayopatikana Dar es Salaam pekee, chama kizima kinasimama nayo. Kabla ya mavuno, fundi aandike kila kipuri kisichopatikana Mbinga wala Songea, na chama kinunue cha akiba. Akiba hii hulipa haraka.

Mkataba utaje tarehe ya kufikisha mzigo na fidia ya kuchelewa, na sehemu kubwa ya malipo itolewe baada ya mzigo kukaguliwa ghalani. Muuzaji anayekataa kusema mzigo wake unatoka wapi, msisaini naye.