Kwa Nini Nchi Hutetemeka?

Usiku mmoja hapa Lupiro nchi ilitetemeka kidogo. Mabati yalilia, mbuzi wakapiga kelele, na kabla mtu hajahesabu hata kumi kukawa kimya. Hakuna aliyeumia. Lakini kulipokucha tulikuta habari imekwisha kutafutiwa mwenyewe. Jina la mjane mmoja mzee lilitajwa kwa kunong'ona kisimani, ati yeye ndiye aliyeitikisa nchi. Ndipo mwalimu mmoja wa injili akatujia, akauliza, "Mchungaji, watu hawa niwajibuje?" Somo hili ni jibu letu kwake, na kwenu ninyi nyote mnaoulizwa maswali ya namna hii.

Kwanza tutazame nchi yetu wenyewe. Ukisimama Lupiro na kuelekeza macho kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mto Kilombero, waona milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Kilele chake kirefu chapita mita 2,500 juu ya bahari, na maji ya Sanje huanguka kutoka ukuta ule kwa urefu wa mita 170 hivi. Nyuma yako iko milima ya Mahenge. Katikati ni bonde tambarare la mpunga na mafuriko, ambalo haliinuki sana kupita mita 300. Je, mto peke yake ulichimba bonde pana hivi? La. Nchi yenyewe ilishuka.

Twaa matofali matatu, uyabane kwa mikono miwili yakiwa yamepangana, kisha legeza mikono kidogo. Lile la katikati litateleza chini. Ndivyo lilivyofanyika bonde la Kilombero. Nchi ilivutwa huku na huku, ikapasuka kandokando, na sehemu ya katikati ikazama. Nyufa nyingine za huku ni za kale sana, zikaamshwa tena baadaye. Bonde letu ni tawi la lile Bonde la Ufa linalotoka Ethiopia, likapita Kenya na Tanzania, hata kufika Msumbiji. Ziwa Tanganyika, lenye kina kipatacho mita 1,470, na Ziwa Nyasa ni mashimo ya ufa huohuo yaliyojaa maji.

Sasa, ni nini kinachovuta? Wataalamu wamejifunza ya kuwa ganda la nje la dunia si kipande kimoja, bali limegawanyika katika mabamba makubwa, ambayo unene wake waweza kufika kilometa 100 au zaidi. Chini yake mna mawe ya moto sana. Mawe hayo si bahari ya moto kama wengi wanavyodhani. Ni magumu, lakini kwa miaka mingi sana huenda polepole, mfano wa lami wakati wa jua kali. Mabamba huchukuliwa juu yake. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 ya kuwa mabara husafiri, akionyesha jinsi pwani ya Afrika na ya Amerika ya Kusini zinavyolingana. Wengi walimcheka. Alikufa Greenland mwaka 1930, na ilikuwa miaka ya 1960 ndipo wataalamu walio wengi walipokubali.

Afrika nayo inapasuliwa. Bamba la magharibi huitwa Nubia, la mashariki Somalia, na kati yao mna vipande vidogo. Huku kwetu huachana kwa milimita chache tu kwa mwaka. Wala kuachana huko si kwa ulaini. Mawe hushikana kwenye ufa, yakajikunja kama kijiti mkononi, na siku moja kijiti huvunjika. Mtikisiko wa kuvunjika kwake ndio tetemeko la nchi. Desemba 13, 1910, ufa wa upande wa Rukwa ulivunjika kwa ukubwa wa 7.4, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika Mashariki.

Na volkano je? Jiwe la moto kule chini hubaki gumu kwa sababu limegandamizwa na uzito ulio juu yake. Ganda likivutwa na kuwa jembamba, uzito hupungua, na sehemu ya jiwe huyeyuka, ikapanda kwa njia za nyufa. Hivyo ulitoka mlima Rungwe, na Ol Doinyo Lengai uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Hivyo pia Nyiragongo huko Kongo, ambao moto wake uliingia mji wa Goma mwaka 2002, ukatoka tena mwaka 2021. Bondeni kwetu hakuna mlima wa moto, lakini nyufa tunazo.

Basi yatupasa kufanya nini? Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Tuangalie neno hili: katika matetemeko, mara nyingi kinachoua ni ukuta unaoanguka. Kwa hiyo tujengapo nyumba, shule, au kanisa, tufunge pembe za kuta vizuri, tuweke lenta ya zege yenye nondo kuzunguka nyumba yote, wala tusipandishe kuta ndefu zisizoshikwa na kitu. Nchi ikitetemeka, aliye nje akae peupe, mbali na kuta. Aliye ndani ya nyumba imara ajikinge chini ya meza. Na mtu akikuambia siku ya tetemeko lijalo, usimsadiki, maana hakuna awezaye kuijua.

Habari ya mjane tumeiacha mwisho. Katika Luka 13 twasoma habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na Bwana alikana ya kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Ikiwa ufa wa Rukwa ulivunjika kwa kuvutwa miaka mingi, kibibi mwenye mkongojo ana nguvu gani ya kuvuta mabamba? Tulikwenda kwake na wazee wa kanisa, tukaketi barazani pake mchana kutwa, ili kila apitaye njiani atuone.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini bonde la Kilombero liko chini na milima iko juu?
2. Tetemeko na volkano hutokana na nini?
3. Ni ukuta gani katika usharika wetu unaohitaji kutengenezwa kabla ya mwingine?
4. Ni nani katika kijiji chetu anayenong'onewa, na ni nani atakayekwenda kuketi naye?