Namna ya Kuzipata Bendi za Metali Zisizovuma Ukiwa Vitengeni

Redio haitakupigia muziki huu. Ukikaa Vitengeni, Ganze au Bamba, huku Kilifi, ukingoja heavy metal ije yenyewe, utangoja mpaka uchoke. Lakini si lazima uhamie Nairobi. Simu yenye intaneti, hedifoni zisizokwaruza na saa moja kwa wiki vinatosha.

Anza na bendi ndogo. Metallica hawatajua kama umewasikiliza au la. Bendi changa ya Nairobi au Kampala itajua, maana kila anayesikiliza, anayelipa na anayemwambia mwenzake ndiye anayeiwezesha kurekodi tena. Fanya hivi.

Tenga Ijumaa

Tangu Julai 2015, albamu nyingi duniani hutolewa siku ya Ijumaa. Kwa hiyo usihangaike kila siku. Ijumaa jioni, kazi zikiisha na simu ikiwa imechajiwa, tafuta bendi moja usiyoijua. Moja tu. Ukifungua kumi kwa mpigo, hakuna utakayoisikia vizuri. Ukifuata mwendo huu mwaka mzima, utakuwa umezijua bendi hamsini na ushei.

Anza na walio karibu

Usianzie Ulaya. Anza na hizi, kisha jitanue.

Duma, kutoka Nairobi. Iliundwa na watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Albamu yao, iitwayo Duma vilevile, ilitoka Agosti 2020. Ni metali ya kasi iliyochanganywa na kelele za mashine na ngoma za kompyuta. Ukiandika "Duma" peke yake utaletewa picha za mnyama. Andika "Duma Nyege Nyege Tapes", yaani jina lao na la lebo, kampuni iliyoitoa albamu yao, kisha anza na wimbo "Lionsblood".

Lord Spikeheart. Huyu ni Khanja yule yule akiwa peke yake. Albamu yake The Adept ilitoka Aprili 2024 chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Ni kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha field marshal, ambaye Khanja humtaja kuwa nyanya mkuu wake. Ni kazi nzito. Isikilize ukiwa umetulia.

Last Year's Tragedy, pia wa Nairobi. Wanapiga metalcore: mngurumo kwenye ubeti, sauti ya kuimbika kwenye kiitikio. Kama hujazoea metali, hapa ndipo pepesi pa kuingilia.

Crystal Axis. Hawa ni wapiga punk wa Nairobi, lakini mashabiki wa metali huwasikiliza pia. Wana wimbo kuhusu Nyayo House, jengo la mateso la Nairobi, na mwingine kuhusu Mfalme Leopold wa Ubelgiji na Kongo. Ukipenda muziki wenye historia ndani yake, anza hapo.

Vale of Amonition, kutoka Uganda. Mtindo wao ni doom, metali ya pole pole na nzito. Nyimbo zao huwa ndefu. Wape nafasi mpaka wimbo uishe.

Tafuta kwa mahali

Hujui jina la bendi? Tafuta kwa nchi au mji. Kwenye Bandcamp, tovuti ambako bendi huuza muziki wao wenyewe, andika neno "metal" pamoja na "Nairobi", "Kenya", "Uganda" au "Madagascar". Utaletewa kazi za wanamuziki waliojiandika kuwa wanatoka huko, hata wale wasio na wafuasi wengi.

Kisha ingia Encyclopaedia Metallum, ghala la habari za bendi lililoanza mwaka 2002. Lina orodha kwa kila nchi. Utaona bendi ilianza lini, ilitoa nini, na kama ingali hai au imevunjika. Ila wenyewe huchuja sana: bendi nyingi za metalcore hazikubaliwi humo. Ukiikosa bendi pale, usidhani haipo.

Fuata lebo

Ukiipenda albamu moja, tazama ni nani aliyeitoa. Nyege Nyege Tapes wa Kampala ndio waliowatoa Duma. Fungua ukurasa wa lebo, bonyeza kitufe cha kufuata, na kila kazi mpya itakufikia kwa barua pepe. Si yote itakuwa metali, na hilo lisikukere. Lebo jasiri hukuonyesha majirani wa muziki unaoupenda.

Angalia pia walioshirikishwa. Mgeni aliyeimba wimbo mmoja huwa ana bendi yake. Andika jina lake. Huyo ndiye wa Ijumaa ijayo.

Piga hesabu ya data

Bandcamp huchezesha nyimbo kwa ubora wa 128 kbps. Hiyo ni karibu MB 1 kwa dakika. Albamu ya dakika 40 itakula takriban MB 40. Ukiinunua na kuishusha kwa MP3 ya 320 kbps, ambayo sauti yake ni safi zaidi, itakula karibu MB 100 mara moja tu. Ukiirudia mtandaoni mara ya tatu, umeshatumia data nyingi kuliko kuishusha. Kwa hiyo onja mtandaoni mara moja, na ikikuvutia, ishushe na kuihifadhi kwenye memory card. Hata mtandao ukipotea, muziki unao.

Kwenye Spotify, ingia kwenye mipangilio na uchague ubora wa kawaida, yaani 96 kbps. Saa nzima itakula chini ya MB 50. Kwenye YouTube, shusha video hadi 144p. Hapo unatafuta sauti. Picha haina haja ya kung'aa.

Sikiliza ngoma kwanza

Wengi huacha metali katika dakika ya kwanza kwa sababu ya sauti ya mwimbaji. Usianze naye. Sikiliza kama unavyosikiliza mwanzele: bumbumbu kwanza, kayamba pili, mwimbaji baadaye. Katika metali, shika ngoma ya mguu. Ukishaipata, sikiliza besi inavyoifuata. Kisha gitaa. Mwimbaji atakuja akiwa na mahali pa kukaa.

Jizoeze na Arka'n Asrafokor wa Togo. Wao huchanganya gitaa la metali na midundo ya Kiewe, na nyimbo zao nyingi huziimba kwa Kiewe. Albamu yao Dzikkuh ilitoka 2024. Zamani walijiita Arka'n tu, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Masikio yaliyolelewa na ngoma za Kigiriama hayatapotea humo.

Isikilize kila albamu mara tatu kabla ya kutoa hukumu. Mara ya kwanza, usikate wimbo. Mara ya pili, iache icheze ukifanya kazi. Mara ya tatu, vaa hedifoni ukae kitako. Ikikushinda baada ya hapo, iache bila kinyongo na uende kwa nyingine.

Soma maneno

Mngurumo huficha maneno. Bendi nyingi huyaweka kwenye ukurasa wa wimbo pale Bandcamp. Yasome wakati wimbo unacheza. Utakuta ghadhabu kuhusu ufisadi, vita, mazingira, kifo cha mpendwa. Utakuta pia yasiyokufaa, na hapo una haki ya kuzima.

Hili litakusaidia nyumbani pia. Mzazi au mzee akikuuliza kama huo ni muziki wa shetani, usibishane. Mweleze wimbo unasema nini. Mtu anayejua anachosikiliza huaminika upesi.

Kaa vizuri na watu

Metali hupendeza kwa sauti kubwa, lakini kijiji si jukwaa. Usiku tumia hedifoni. Kukiwa na matanga jirani, zima spika kabisa. Wakati wa ibada, vivyo hivyo. Heshima yako ndiyo itakayoufungulia muziki huu mlango kwa wengine.

Linda masikio pia. Usipandishe hedifoni mpaka mwisho, na kila baada ya saa moja yapumzishe. Ukisikia mlio masikioni baada ya kusikiliza, ulizidisha. Punguza.

Lipa moja kwa moja

Hapa ndipo ushabiki unapopimwa. Kusikiliza mara moja kwenye programu za muziki humpa msanii senti kidogo mno. Ukinunua albamu Bandcamp, sehemu kubwa ya pesa humfikia. Bandcamp hukata asilimia 15 kwenye muziki wa kidijitali, na ada ya malipo huja kando.

Huna kadi ya benki? Tumia M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza 2022. Iwashe kwenye programu ya M-Pesa au kwa *334#. Namba ya usalama ya kadi hiyo, ile CVV, hudumu kwa muda mfupi tu, kwa hiyo iombe ukiwa tayari umefika kwenye ukurasa wa kulipa. Hakikisha salio linatosha, pamoja na mabadiliko ya bei ya dola.

Nunua siku ya Bandcamp Friday ukiweza. Ni Ijumaa teule ambazo Bandcamp huacha fungu lake, desturi iliyoanza Machi 2020. Siku hiyo huhesabiwa kwa saa za California. Kwetu huanza saa nne asubuhi ya Ijumaa, au saa tano wakati wao wakiwa kwenye saa za majira ya baridi, na kumalizika saa hiyo hiyo Jumamosi. Ukinunua Alhamisi usiku, umewahi mno.

Huna pesa kwa sasa? Tafuta albamu zilizoandikwa "name your price". Bendi ikiruhusu, unaweza kuweka sifuri na kuishusha kihalali. Kisha ilipe kwa njia nyingine: iandikie ujumbe mfupi ukitaja wimbo uliokugusa na mahali ulipo. Bendi ndogo husoma ujumbe wake yenyewe.

Mpe mtu mmoja wimbo mmoja

Usimwage albamu nzima kwenye kikundi cha WhatsApp. Hakuna atakayeifungua. Chagua mtu mmoja, fikiria anapenda nini, umtumie wimbo mmoja. Anayependa hip hop, mpe Lord Spikeheart. Anayependa historia, mpe Crystal Axis. Anayependa ngoma, mpe Arka'n. Andika mstari mmoja: "Sikiliza kuanzia dakika ya pili." Hapo atasikiliza.

Mkifika watatu au wanne, kutaneni Jumapili alasiri chini ya mwembe, kila mmoja na wimbo wake. Hivyo ndivyo jamii ya muziki inavyoanza.

Nenda ukawaone

Maonyesho mengi ya metali nchini hufanyika Nairobi. Fuata kurasa za bendi zenyewe, kwani tarehe hubadilika. Kabla ya kukata tiketi ya basi, thibitisha siku hiyo hiyo kwamba onyesho lipo. Karibu na nyumbani, tazama ratiba ya Beneath the Baobabs, tamasha la mwaka mpya pale Kilifi. Soma majina ya wasanii wote, hasa yale yaliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Ukifika, nunua fulana au CD kutoka mezani kwa bendi. Pesa huingia mkononi mwao papo hapo, nawe unapata nafasi ya kuwasalimu.

Kama unapiga, rekodi

Usijidharau kwa sababu unatoka mashambani. Overthrust wanatoka Ghanzi, mji wa ng'ombe na ukame katika jangwa la Kalahari, Botswana. Mwaka 2016 walipiga Wacken, tamasha kubwa la metali Ujerumani. Voice of Baceprot ni wasichana watatu wanaovaa hijabu, kutoka Garut mashambani Indonesia. Walianza shuleni mwaka 2014 wakifundishwa na mwalimu wao. Albamu yao Retas ilitoka 2023, na mwaka uliofuata walipiga tamasha la Glastonbury, Uingereza.

Kwa hiyo rekodi kwa simu kwenye chumba chenye nguo na magodoro, ili mwangwi upungue. Weka simu mbali kidogo na ngoma, sauti isipasuke. Imba kwa lugha unayoiota: Kigiriama, Kiswahili, yoyote ile. Fungua ukurasa Bandcamp, ni bure, na sehemu ya mji uandike jina la kwenu. Kesho mtu wa Togo au Garut akitafuta kwa mahali, ataikuta Vitengeni.

Ijumaa hii

Usisubiri uelewe kila kitu. Nunua bando dogo, andika "Duma Nyege Nyege Tapes", sikiliza "Lionsblood" mara tatu ukiishika ngoma. Ukiipenda, ishushe. Usipoipenda, wajaribu Last Year's Tragedy. Kabla ya kulala, mtumie mtu mmoja wimbo mmoja, kisha andika jina la bendi ya Ijumaa inayofuata.