Mizani ya kupima mafuta mwilini: Je, yaaminika?

Msomaji, mizani ya kupima mafuta mwilini haiyaoni mafuta yenyewe. Hupitisha umeme hafifu kutoka unyayo mmoja hadi mwingine. Maji hupitisha umeme vyema, mafuta huuzuia. Kisha mashine hukadiria kwa hesabu. Kwa hivyo ukipungukiwa na maji, huenda ukasomewa mafuta mengi kuliko uliyo nayo.

Jipime asubuhi kabla ya kula, kwa mashine ile ile, ulinganishe wiki kwa wiki. Usiitumie ikiwa umewekewa kifaa cha umeme cha kuendesha moyo.

Pima pia kiuno kwa futikamba. Kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Basi muone daktari, hata mizani ikikusifu.