Kuhamia Nizwa na Watoto: Anza na Cheti cha Kitindamimba

Barua ya kazi ilinikuta Moshi mjini mwezi wa Januari, nikiwa mhandisi wa maji, mwenye mke na watoto wawili, wa kwanza ana miaka sita na wa pili hajatimiza miezi kumi, nayo iliniita Nizwa, mji wa kale wa Oman ulio chini ya Jebel Akhdar, kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat. Kwa kuwa jamaa wengi wa kwetu Moshi huniuliza namna tulivyohama, naandika hapa niliyoyajua kwa kuyapitia, nikitaraji kwamba atakayesoma atapungukiwa na taabu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutanguliza nyaraka zangu mwenyewe. Vyeti vyangu vya chuo na vya kazi vilikamilika katika muda wa mwezi mmoja, ilhali yule mchanga, ambaye hakuwa na waraka wowote ila tangazo la kizazi tulilopewa hospitalini, ndiye aliyetukawiza sote; maana bila cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, hapana pasipoti, na bila pasipoti hapana viza, wala mtoto hasafiri kwa pasipoti ya mama yake hata akiwa wa kubebwa mgongoni. Tulipokipata cheti hicho tuliona jina la mama limeandikwa Ndeshi, hali cheti chetu cha ndoa kinasema Ndeshimuni. Herufi nne zile zilitugharimu wiki tano: kiapo mbele ya wakili, cheti kusahihishwa, kisha vyeti vyote kufasiriwa kwa Kiarabu na kupelekwa Dar es Salaam kuthibitishwa, kwanza Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa Oman. Basi nakusihi, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tandaza vyeti vya aila nzima juu ya meza moja, mmoja wenu asome kila jina herufi kwa herufi kwa sauti, na mwingine afuatishe kwa kidole.

Kuhusu mkataba sina mengi: tiketi za ndege za mke na watoto, nyumba, bima ya matibabu na ada ya shule, kila kimoja sharti kiwe kimeandikwa, kwani ahadi ya simu haina shahidi.

Wako wanaoshauri kwamba baba atangulie mwaka mzima hata atulie. Mimi siafiki, maana mwaka ni umri mzima kwa mtoto asiyejua bado kusema, na mwenzangu mmoja aliyekaa muda huo alipokewa uwanja wa ndege na binti aliyemkimbia. Nilitangulia miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti, nikapata kibali cha ukaazi, nikatafuta nyumba yenye kiyoyozi kizima, nikalipitia peke yangu joto lile linalozidi nyuzi 40. Nao wakafika Septemba, shule zikianza na jua likianza kulegea.

Ama wazee, hao wasiagwe kwa simu. Jumapili moja kabla ya kuondoka tulipanda Marangu, na baba yangu, baada ya kutusikiliza kwa kimya kirefu, alimshika mjukuu wake mkubwa mkono, akamvusha migomba mpaka penye mfongo, yaani mfereji unaonywesha kihamba chetu, shamba la ukoo, akamwonyesha jinsi mlango wa maji unavyozibwa kwa udongo na magome ya mgomba, akamwambia, "Mjukuu wangu, maji haya yana zamu, ya jirani hayaguswi." Nilidhani ni mazungumzo ya kupoza machozi, wala sikujua kwamba mzee ametufungia mzigo mwema kuliko yote tuliyosafiri nayo.

Wiki ya tatu Nizwa kijana wetu wa kwanza alikataa chakula, akalia akitaka kurudi kwa babu. Nilimchukua jioni hadi Falaj Daris, mmoja wa ile mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambao maji yake, kama yetu, hugawanywa kwa zamu tangu enzi za mababu. Alichutama, akatia mkono majini hadi kiwiko, akaniinulia macho: "Baba, mfongo wa babu!" Bibi mmoja aliyekuwa karibu, mzaliwa wa Unguja, miongoni mwa maelfu ya Waomani waliorejea kutoka Afrika Mashariki, aligeuka, akauliza kwa Kiswahili kizuri kupita changu mfongo ni kitu gani. "Shikamoo bibi," kijana akasema, kisha akamweleza mwenyewe. Usiku ule alikula wali.

Tangu hapo tumeshika desturi ya kuwaonyesha watoto kilicho ndugu na cha kwao: kitabu, sukari, samaki na saa, maneno ambayo Kiarabu na Kiswahili huyasema karibu sawa, na nyumbani kwetu Kichagga na Kiswahili havikuachwa hata siku moja. Likizo naiomba mapema iangukie Desemba, mwezi ambao Wachagga wa kila pembe hurudi vihambani, ili watoto wawakute binamu zao wote pamoja.

Nawe uliyepata barua ya kazi wiki hii, kesho asubuhi chukua tangazo la kizazi la kitindamimba wako, uende ofisi ya mkuu wa wilaya.