Filimbi ya Pili: Refa Akikosea, Afanyeje?



Somo letu leo linatoka kiwanjani. Chukua Biblia yako, soma kwanza Mdo 23:1-5, kisha rudi hapa tuongee.

Likizo iliyopita nilichezesha mechi ya kikapu ya wasichana huku Kifungilo, Lushoto. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo wetu mwekundu umeganda kwenye kila kiatu. Robo ya nne, mchezaji wa timu nyekundu akapita pembeni kabisa, akafunga. Nikahesabu pointi mbili. Timu ya bluu wakapiga kelele, "Nje! Nje!" Mchezo ukaendelea. Wakati tunakimbilia upande wa pili nikatupa jicho chini: alama ya kiatu chenye matope ilikuwa juu ya mstari. Walikuwa sahihi. Nikajikausha.

Lakini roho ilinisuta. Dakika chache baadaye mchezaji wa bluu akateleza, akaanguka mwenyewe mbele ya namba nane wa nyekundu. Nikapuliza filimbi: faulo, namba nane, mitupo huru miwili. Yote ikaingia. Moyoni nikasema, sasa ngoma droo.

Kumbe ile ilikuwa faulo yake ya tano. Kwa sheria za FIBA, ukifikisha tano unatoka na hurudi tena. Yule binti akanitazama, akasema kwa upole, "Frateri, mimi sijamgusa." Kisha akaenda kukaa benchi.

Kosa na dhambi

Filimbi yangu ya kwanza ilikosea kwa sababu sikuona. Hilo ni kosa la kibinadamu. Macho yana mipaka. Filimbi ya pili ilipulizwa na mtu aliyeona vizuri kabisa kwamba hakuna faulo. Hiyo niliipeleka kwenye kitubio.

Shida ni kwamba filimbi ya pili ilijivika nguo ya haki. Nilidhani nalipa deni. Lakini tazama Zakayo (Lk 19:1-10): alipoamua kurudisha, alitoa mali yake mwenyewe, na aliwarudishia wale aliowadhulumu. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye anafundisha hivyo, kwamba kinachorudishwa kinamrudia yule aliyenyang'anywa. Mimi nilifanya nini? Nililipa deni langu kutoka mfukoni mwa namba nane. Yeye hakuwa na deni na mtu.

Paulo mbele ya Baraza

Sasa rudi kwenye somo. Paulo amepigwa bila haki, kwa amri ya Anania. Anajibu kwa ukali. Wanamwambia kwamba huyo ni Kuhani Mkuu. Angeweza kujitetea, maana sababu alikuwa nayo. Lakini anakiri palepale kwamba hakujua, anataja Sheria inavyosema, basi. Haongezi maneno ya kumbembeleza Kuhani Mkuu ili kufidia. Mstari wa sita, anaendelea na kesi yake akiwa imara vilevile.

Hapo refa ana shule nzima. Tuichukue hatua kwa hatua.

1. *Kama bado inawezekana, sahihisha.* Sheria za FIBA zinaruhusu makosa fulani yarekebishwe, kama vile mitupo huru iliyotolewa isivyostahili au kupigwa na mchezaji asiye sahihi. Ila kuna muda: saa ikishatembea baada ya kosa, mpira ukasimama kwa mara ya kwanza, hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Mpira ukirudi mchezoni, mlango umefungwa. Kwa hiyo ukiwa na shaka, muulize mwenzako mapema. Kuuliza si aibu.

2. *Kama haiwezekani, kubali.* Maneno machache yanatosha: "Kapteni, ile nimekosea." Ligi ya NBA, tangu mwaka 2015, inatoa taarifa za maamuzi ya marefa katika dakika mbili za mwisho za mechi zilizokaribiana. Matokeo hayabadiliki, lakini ukweli unasemwa. Ukweli una thamani hata kama haurudishi pointi.

3. *Filimbi inayofuata isilipe deni la iliyopita.* Puliza unachokiona, si unachodaiwa.

4. *Baada ya mechi, jitafiti.* Nilisimama wapi? Kwa nini sikuona? Kisha sali, ulale.

Na wewe usiye refa?

Jamani, filimbi ya pili tunaipuliza sana. Dada mkubwa kamsema mdogo wake kwa kosa lisilo lake. Akigundua, badala ya kuomba radhi, anatafuta kosa kwa yule mwingine ili aonekane hapendelei. Kiranja vivyo hivyo. Kiongozi wa kwaya vivyo hivyo. Kusema "samahani" kunatuuma, basi tunamtafuta mtu mwingine aumie badala yetu.

Kesho yake baada ya Misa nilizitafuta timu zote mbili. Bluu niliwaambia kuhusu ule mstari. Namba nane nikamwambia mbele ya wenzake, "Hukumgusa. Niliona hukumgusa." Akanyamaza kidogo. "Nashukuru, Frateri," akasema. "Ila jana mama alikuja kuniangalia kwa mara ya kwanza."

Sikuwa na jibu. Kitubio kilinipa maondoleo. Ile robo ya nne hakikumrudishia. Nikamwomba anipeleke kwa mama yake, nikarudia maneno yaleyale.

Tafakari: Ni nani analipa deni ambalo ni langu? Wiki hii nimwendee nani?

Tusali: Ee Bwana, Hakimu wa haki, nipe macho ya kuona, na nisipoona, nipe ulimi wa kukiri mapema. Usiniache nifunike kosa langu kwa jasho la mwingine. Amina.