MARTHA WA HOTELINI

Somo la vijana na wazazi wao. Soma kwanza Luka 10:38–42.

Tangu hoteli zilipoenea pwani yetu hapa Unguja, nyumba nyingi za waumini zina kijana afanyaye kazi mapokezi, mezani au vyumbani. Kwa hiyo twapenda kumtazama Martha upya. Wengi hudhani alikosea kwa kuwa alipika. Sivyo. Wageni sharti wale. Mikono yake ilikuwa jikoni, na moyo wake ulikuwa ukimgombeza dada yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa hotelini hapewi jembe hata akikaa mwezi! Akifoka kwa sababu chumba hakijawa tayari, mhudumu atabasamu. Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kutengeneza uso kwa ajili ya mshahara ni kazi kamili, nayo huchosha. Tumewaona warudio nyumbani jioni bila tabasamu lililobaki kwa watoto wao.

Siku hizi baadhi ya hoteli duniani huwafundisha watumishi wao kutuliza mawazo. Mafunzo ya namna hii, ya majuma 8, yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 huko Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Chimbuko lake ni mafundisho ya Kibuddha, na wapo watakaoshtuka. Sisi hatuoni hatari. Pumzi si mali ya dini moja, na wamonaki wa jangwa la Misri nao walituliza nia zao kwa sala fupi waliyoirudia mchana kutwa.

Zoezi lenyewe ni hili. Mhudumu ashikapo mlango wa jikoni, kabla ya kuingia ukumbini, asimame. Asikie nyayo zake zilivyokanyaga sakafu. Avute pumzi, kisha aitoe polepole kuliko alivyoivuta, na mapigo ya moyo yatapungua kasi. Ndipo ajiambie kweli: nimekasirika, au, nimechoka. Asiifukuze hasira, wala asiivike tabasamu. Hapa wengi hukosea, wakidhani wanafundishwa kuficha. Aijuaye hasira yake hamrushii mgeni wa meza ya pili, asiye na kosa. Sekunde 10 zatosha. Mwaka 2013 Ute Hülsheger na wenzake walieleza kwamba watumishi wenye utulivu huu huigiza uso mara chache zaidi, wala hawachakai moyoni upesi.

Lakini meneja asiyelipa saa za ziada asitoe pumzi badala ya mshahara. Zamu mbili mfululizo dawa yake ni usingizi. Na binti anayeshikwashikwa na mgeni asiambiwe atulie. Apige kelele, na mkubwa wake amtetee mbele ya mgeni huyo, hata kama amelipia chumba cha juma zima.

Vikundi vya vijana na Umoja wa Akina Mama vijadili: Je, kama Martha angalisimama kidogo mlangoni, angalimwambia Bwana maneno yale yale? Na nyumbani mwetu, nani humpokea mhudumu arudipo kutoka kazini?